Wake Wenza wa Mtaa wa Kinu

Nchi ya Tulizo haimo kwenye ramani, na msomaji asijisumbue kuitafuta. Atakayeona inafanana na nchi yake, kosa ni la nchi yake, maana Tulizo ilianza zamani kuwa hivi ilivyo na haikumwiga mtu.

Ni nchi ya amani. Waziri wa Maadili na Hali ya Hewa huitangaza amani hiyo redioni kila asubuhi, na asiyeisikia hufuatwa nyumbani akasomewe. Aliyekuwa akimtanguliza Waziri hewani ni mwanamke aitwaye Sikudhani, msomaji wa habari wa Sauti ya Tulizo. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyelala vizuri, na watu walikuwa wakisema kwamba bei ya mchele ikipandishwa na Sikudhani haiumi sana.

Sikudhani alikuwa mtu wa ndoa, na ndoa hiyo aliifunga na mwanamke mwenzake, Hidaya, fundi wa majokofu. Tena waliifunga kwa sheria. Sheria ya ndoa ya Tulizo iliandikwa na wabunge waliokuwa wakiwahi chakula cha mchana, ikasema ndoa ni mapatano ya watu wawili wazima wenye akili zao. Haikumsumbua mtu mpaka alipotokea jaji mmoja mzee akaisoma kama ilivyoandikwa, jambo ambalo si desturi ya majaji wa huko. Akasema ameitafuta mara mbili hiyo habari ya mume na mke, ameona watu tu. Asubuhi yake alistaafishwa kwa sherehe kubwa, akapewa blanketi. Lakini hukumu ilibaki, kwa sababu kuitengua kulihitaji jaji mwingine aisome, na waliobaki waliogopa kuonekana wanasoma.

Katika upenyo huo wakapita watu kadhaa, Sikudhani na Hidaya wakiwa miongoni mwao. Msajili wa wilaya, bila kuinua kichwa, aliuliza mume ni nani.

"Andika majina tu," Hidaya alimwambia.

Akaandika majina tu.

Waliishi Mtaa wa Kinu pamoja na mama yake Sikudhani, Bi. Somoe, ambaye macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Hidaya ndiye aliyekuwa akimtia dawa asubuhi na jioni, kwa kuwa mkono wa Sikudhani ulikuwa ukitetemeka. Majirani waliwaletea majokofu yao mabovu, wakanywa chai yao, na walichokuwa nacho cha kusema walikisema wakishafika kwao.

Kisha mvua zikachelewa. Waziri wa Maadili na Hali ya Hewa alikuwa na wizara mbili, na ilibidi mojawapo ilaumiwe. Alifikiri siku nzima akaichagua ile isiyokuwa na vifaa.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "wingu nalo lina macho. Linakuja, linachungulia, linaona mambo ya Mtaa wa Kinu na mitaa mingine ambayo sitaitaja, linaona haya, linarudi lilikotoka. Wataalamu wangu wamelifuata wingu moja hadi mpakani wakiliomba lirudi. Limekataa."

Ikaitishwa kura ya taifa zima. Swali lilikuwa hili: Je, unakubali kwamba ndoa ni ya mume na wake zake, kama ilivyokuwa babu yako alipokuwa hai? Kura ingepigwa kwa kupanga mistari uwanjani, kwa maelezo kwamba karatasi ni ya watu wenye mambo ya kuficha, na Tulizo ni nchi ya amani, haifichi kitu.

Siku moja kabla ya kura, mkuu wa kituo, Bw. Kazumari, alimwita Sikudhani studio ili arekodi matokeo.

"Kura ni kesho, mkuu," Sikudhani alisema.

"Naam. Na kesho umeme unaweza kukatika. Unataka taifa likae bila kujua limeamua nini?"

Sikudhani akatazama tarakimu. Waliokubali walikuwa asilimia tisini na saba.

"Waziri alitaka tisini na tisa," Kazumari alisema, akiangalia vifungo vya shati lake. "Tukasimama imara tukapunguza mbili. Uhuru wa vyombo vya habari." Kisha akashusha sauti. "Dada Sikudhani, mimi ninyi nawajua. Jokofu langu mwenzio ndiye aliyelitengeneza. Lakini wewe soma kama siku zote. Usihuzunike. Wala usichangamke sana, watu wakadhani unakejeli."

Alisoma. Alitarajia sauti imkwame mahali fulani, pengine kwenye neno batili, akajiandaa kukohoa. Haikukwama. Ilitoka nzuri, tulivu, kama inatangaza maziwa yameshuka bei, na hilo ndilo lililomuuma kuliko tarakimu zenyewe.

Alipofika nyumbani alimkuta Hidaya amejikunja nyuma ya jokofu la mtu, akamweleza. Hidaya aliendelea kukaza skrubu.

"Kwa hiyo tumeshashindwa."

"Tangu saa nne."

"Basi hakuna haja ya kwenda."

"Asiyekwenda atakamatwa kwa kosa la kutoshiriki uhuru wake."

Hidaya akafuta mikono kwenye suruali. "Basi twende. Kama ni kushindwa, nishindwe nimesimama."

Siku ya kura, mstari wa wanaokubali ulipangwa chini ya turubai, na sharubati ya ukwaju ikagawiwa. Mstari wa wanaokataa uliwekwa juani karibu na goli, kwa maelezo kwamba nafasi ilikuwa finyu. Huko walisimama Sikudhani na Hidaya. Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia aliyekuwa amekataa kila jambo tangu uhuru, na wa nne mkulima mmoja aliyedhani ni foleni ya mahindi ya msaada. Alipoelezwa foleni ile ni ya nini, mkulima alilitazama turubai, akalitazama jua, akamtazama Hidaya.

"Nimeshafika," alisema. "Nitakaa hapa hapa."

Wakawaona majirani wakiingia turubaini mmoja mmoja, wakijifanya hawaoni goli, ingawa uwanja mzima ulikuwa na goli moja tu. Kisha akaja Bi. Somoe na fimbo yake, chini ya mwavuli wa Hidaya. Alifika katikati ya uwanja akasimama, akageuza uso huku na huku kama anayenusa.

"Watu wako wapi?" alimuuliza mgambo.

Mgambo akamwonyesha turubai. Bi. Somoe akageuka upande wa goli, akakaa hivyo kitambo, na Sikudhani akajua amewaona, maana macho yale hayakuwa yamekufa kiasi hicho. Kisha mama akaelekea turubaini na mwavuli ule. Alipewa kiti na sharubati.

Jioni Hidaya alichukua kichupa cha dawa na kusimama nyuma ya kiti cha Bi. Somoe kama kawaida yake.

"Inamisha kichwa nyuma, mama."

Bi. Somoe hakuinamisha. "Utanitia pilipili?"

"Nitakutia dawa."

"Mwanangu, mimi sikukukataa wewe. Mimi nilikwenda waliko watu. Pale golini mlikuwa wanne, na mmoja anatafuta mahindi. Nikifa, nyie wanne ndio mtanibeba?"

"Tungekubeba," Sikudhani alisema.

"Jeneza lina pembe nne, na yule mwalimu ana ngiri."

Hidaya alicheka bila kupenda, akamtia dawa, jicho moja kisha la pili. Halafu alitoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Sikudhani alipomfuata alimkuta analia kwa hasira, akiuma mkono wa shati asisikike.

Sheria mpya ilikuja upesi kuliko mvua. Ndoa zote za aina ile zilifutwa, na kila mwanamke aliyefutiwa ndoa aliagizwa arudi kwa baba yake, na kama baba hayupo, kwa kaka zake. Baba yake Sikudhani alikuwa marehemu na hakuwa na kaka, hivyo alikabidhiwa kwa mama yake, ambaye tayari alikuwa akiishi naye. Hidaya alikuwa na kaka watatu bara, Mzambarauni. Walileta salamu kwamba wameshampatia mume, mjane mwenye mashine ya kusaga.

Hidaya aliposikia, alikunja mkono wa kushoto akaushika kwa wa kulia, na Sikudhani akaelewa. Kifundo cha mkono ule kilivunjwa na kaka yake mkubwa wakati Hidaya alipokuwa msichana, siku alipokutwa na barua ya rafiki yake, na kikaunga vibaya. Ndiyo sababu alishika bisibisi kwa namna yake peke yake.

Ila palitokea tatizo, na Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Bakuza, akawaita ofisini awaeleze. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda kueleza.

"Hamjaoana," aliwaambia. "Hilo taifa limeamua. Lakini mmesajiliwa. Na msajiliwa hakabidhiwi kwa kaka zake mpaka apewe talaka."

"Tutapeanaje talaka kama hatujaoana?" Sikudhani aliuliza.

"Swali zuri. Talaka hutolewa na mume. Mume ni nani kati yenu?"

Hidaya akamkumbusha kwamba msajili aliandika majina tu.

"Mnaona? Hamna mume, hivyo hamwezi kuachana. Hamjaoana, hivyo hamwezi kukaa pamoja. Mmesajiliwa, hivyo hamwezi kuondoka. Nimelitazama jambo hili pande zote, halina mlango."

"Sasa tufanye nini, mheshimiwa?" Hidaya aliuliza.

Bakuza akatabasamu. Serikali, alisema, haiwezi kuwatupa watu wake. Ingewaazima mume. Angeandikwa kuwa mume wao wote wawili, angekaa nao mwezi mmoja kama taratibu zinavyodai, kisha angewaacha mbele ya watu, na kila mtu angeenda zake kwa amani.

Mume wa serikali alifika na begi na mto wake wa kulalia. Jina lake lilikuwa Chande, karani wa Idara ya Mizani na Vipimo, aliyechaguliwa kwa sababu wenzake wote walikuwa na kazi siku hiyo. Alikuwa na mke na watoto upande wa pili wa mji. Alisimama mlangoni akishika mto kifuani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bi. Somoe. Kisha akawageukia wawili wale. "Dada zangu, naomba mniwie radhi."

Mgambo aliyemleta akamkatiza. "Usiwaite dada, Bw. Chande. Ukiwaita dada ndoa inabatilika."

Tangu hapo hakujua awaite nini, akawa anawakoholea. Alilala kwenye kochi sebuleni. Mkewe alikuwa akimletea chakula kila mchana na kukaa hapo akimtazama anavyokula, asije akanogewa na cha humu. Siku za kwanza Hidaya hakumsemesha kabisa. Lakini Chande aliamka mapema, akachota maji bila kutumwa, na Hidaya alipokuwa akifungua mashine alichuchumaa pembeni na kumshikia tochi. Aliona mambo mengine pia. Aliona nani anamtia mama dawa. Aliona Sikudhani akirudi kutoka kazini, Hidaya anavyosikia viatu kabla mtu hajafika na kuweka chai mezani.

Mwezi ulipokuwa unaelekea kwisha, kaka mkubwa alikuja kukagua. Alikaa kwenye kochi, juu ya mto wa Chande, akamwita Hidaya asimame mbele yake, akamtazama juu chini.

"Amekonda," alimwambia Chande. "Lakini huko atapata kazi ya kutwanga, atanenepa. Shemeji, ukimaliza kazi ya serikali, sisi tutakuwa nje na gari."

Alipoondoka, Chande alikohoa. "Ukirudi huko itakuwaje?"

Hidaya alimnyooshea kifundo chake. Hakueleza sana. Alisema nani alikivunja na kwa nini, na kwamba yule mjane ni rafiki wa aliyekivunja. Chande alikitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kukaa kizingitini. Chakula cha mkewe siku hiyo hakukimaliza.

Baraza la talaka lilifanyika kwenye uwanja ule ule. Watu walijaa turubaini. Kaka watatu walisimama karibu na gari lao, injini ikinguruma. Mheshimiwa Bakuza alihutubia kuhusu historia ya talaka tangu enzi za mawe, akapigiwa makofi, akamwita Chande mbele ya kipaza sauti atamke neno.

Chande alikuwa akitokwa jasho. Sikudhani na Hidaya walisimama bega kwa bega.

"Siwaachi," Chande alisema.

"Hukusikia vizuri, Bw. Chande," Bakuza alisema kwa upole. "Wewe ni mume wa kuacha."

"Nimesikia, mheshimiwa. Lakini sheria inamtaka mume atoe sababu ya kuacha. Sababu ya kutoacha haidai. Siwaachi."

Bakuza akatazama sheria mkononi, akatazama watu, akatazama mbinguni. Waliomjua walisema hawajapata kumwona akifikiri kiasi kile. Kisha uso wake ukaanza kung'aa polepole, na akaushika mkono wa Chande akauinua juu.

"Ndugu wananchi! Mnaona nini hapa? Mume mmoja, na wake zake. Si ndiyo mliyoipigia kura? Walioshindikana wameongoka. Nyumba ile ile iliyofukuza mawingu leo ni mfano wa wilaya!"

Vigelegele vikapaa. Wapigapicha wakamsimamisha Chande katikati, mke huku na mke huku. Kaka wakaambiwa wazime injini, kwani dada yao ameolewa. Na jioni Sikudhani aliketi mbele ya kipaza sauti cha Sauti ya Tulizo akatangaza, kwa sauti ile ile, habari za familia bora ya mwaka, ambayo ni Bw. Chande na wake zake wawili wa Mtaa wa Kinu.

Kwa hiyo walibaki nyumba moja, chumba kimoja, kwa baraka za nchi nzima. Chande alirudi kwa mkewe, akawa anapita mara moja moja ili aonekane. Majirani walileta hongera. Mmoja, mwanamke aliyekuwa wa kwanza kuingia turubaini, alimvuta Sikudhani jikoni akamnong'oneza namna ya kumpika kuku ili mume ampende yeye zaidi ya Hidaya.

"Yule mwenzio ana macho ya ujanja," alimwambia. "Usimwamini."

"Nitajihadhari," Sikudhani alisema.

Bi. Somoe alifurahi kupita wote. "Mmeona? Mambo yamekwisha. Hata nikifa sasa, watu watajaa."

Lakini Hidaya aliacha kufungua majokofu. Yalipangana uani, milango wazi, na yeye akakaa katikati yao akitazama ukuta.

"Nimepewa kila kitu," alimwambia Sikudhani siku moja. "Nyumba, mama, wewe. Wamegeuza jina tu. Kila mtu akinipita ananiita mke mwenza, anatabasamu, naitika. Mbona siwezi kuvuta pumzi?"

Sikudhani yeye alivuta pumzi kwa kazi, kabla ya kila sentensi, na hakuwa amejiuliza.

Halafu Wizara ikatuma mkaguzi wa familia bora. Alipima vyumba, akahesabu vitanda, akaona ni pungufu. Akaandika kwamba Wizara inatarajia mtoto kabla ya sherehe za uhuru, na kwamba isipompata, mume atapewa wake wengine na hawa watarudishwa makwao.

Siku ile Chande alikuja bila kungoja kuitwa. Hakuketi.

"Mume ana haki ya kumruhusu mke akasalimie ndugu nje ya nchi," alisema, akitazama sakafu. "Ninaweza kuandika. Ila ni mmoja tu. Mwingine lazima abaki, kama dhamana ya nyumba. Akitoka na yeye, nitafungwa mimi."

Bi. Somoe, aliyekuwa kitini, aliuliza nani anasafiri, akaambiwa hakuna, akasinzia tena.

Walilizungumza siku mbili, kwa vipande vipande, wakiosha vyombo, wakianua nguo. Hidaya alisema hataondoka. Sikudhani akamuuliza kama anapendelea mjane wa mashine ya kusaga. Hidaya akasema Sikudhani ndiye aende. Sikudhani akamwonyesha mama kwa kidevu, na hapo maneno yakaisha.

"Nani atamtia dawa?" Hidaya aliuliza mwishowe. "Mkono wako unatetemeka."

"Nitajifunza."

Akajifunza kweli. Hidaya aliushika mkono wake siku kadhaa, kama anayemfundisha mtoto kuandika, mpaka tone likaanza kuangukia jicho badala ya shavu.

Walikwenda mpakani kwa lori la viazi. Kituo kilikuwa kibanda kimoja na mti mrefu uliolazwa kuvuka barabara, na upande wa pili palionekana nchi nyingine, yenye majani makavu yale yale. Afisa alikuwa kijana mwenye sare iliyompwaya. Alisoma ruhusa ya Chande, akamtazama Hidaya na begi lake la bisibisi.

"Unatoka kwa nani?"

"Kwa mume wangu."

"Unarudi lini?"

"Nikishawasalimia wote."

Afisa akamgeukia Sikudhani. "Na wewe?"

"Mke mwenza. Nimemsindikiza."

Hawakushikana mikono, maana walikubaliana njiani wasishikane. Afisa akaanza kuuinua ule mti, akasita ukiwa nusu, akamtazama Sikudhani vizuri zaidi.

"Nimekaa hapa muda mrefu," alisema. "Wake wenza wengi wamesindikizana hapa. Wengine huja na ngoma kabisa. Sijapata kumwona anayelia."

Sikudhani akajigusa shavu. Hakuwa amejua.

"Ameniachia zamu zake zote," alisema. "Za kupika, za kufua, zote."

Afisa alicheka, akamwonea huruma, akauinua mti mpaka juu. Hidaya naye alicheka, kicheko kile cha zamani ambacho hakikuwa kimesikika tangu kura, akapita chini yake akiwa bado anacheka, na hakugeuka, kwa kuwa anayekwenda kusalimia ndugu hana sababu ya kugeuka. Mti ukashuka. Sikudhani alibaki ameushika kwa mikono miwili.

"Mama," afisa alimwambia kwa adabu, "asiye na ruhusa haruhusiwi kuugusa. Rudi nyuma ya mstari wa njano."

Akarudi nyuma ya mstari wa njano, akasimama pale.